Hatua Kumi na Mbili za Yaya Anaclet

Yaya,

Kaka yangu mkubwa, jana saa kumi alasiri nilichoma majani. Pande zote mbili zinazotazama pori, ule wa tanuru langu na ule wa kisima, mita tisini kwa jumla. Nilianza saa kumi na dakika tano, nikamaliza saa kumi na mbili kasorobo. Hakuna kilichoungua ambacho hakikupaswa kuungua, isipokuwa nyusi yangu ya kushoto. Ungecheka. Nilitamani kusikia unavyocheka, halafu nikakumbuka kwamba bado nimekukasirikia.

Nakuandikia kwa sababu mdomo wangu unaujua, ungeanza kugombana kabla ya kumaliza salamu. Salamu basi. Mama yuko mzima, magoti ndiyo yaleyale. Odette wako anakula, analala, amerudi kuimba kwaya. Binti yangu Rosette amemaliza shule. Nyumba ipo. Jikoni haipo. Habari ya jikoni nitaifikia.

Tulikuzika mwaka mmoja na siku ishirini na tatu zilizopita. Ulichagua vibaya, Yaya. Unisamehe, lakini mimi nahesabu. Ungekufa mwezi wa pili, mvua ingekuwa inanyesha, tungekulilia bila wasiwasi. Ungekufa mwezi wa nane, ungekuwa umeshachoma. Wewe ukaenda mwisho wa mwezi wa tano, wiki mbili kabla ya kazi ambayo katika lupango letu, kiwanja hiki chetu, hakuna mwingine aliyeijua. Na hakuna aliyeijua kwa sababu wewe hukutaka tuijue.

Miaka ishirini na sita tumeishi hapa ukingoni mwa mtaa wa Annexe, mahali ambapo mji unachoka na pori linaanza. Ulipokuja na Mama hapakuwa hata na njia. Mimi nilikuja na kitu kimoja, kile kisanduku cha mbao cha kufyatulia matofali. Leo nina tanuru, na nyumba mliyolala miaka yote hiyo ni matofali elfu tisa na mia nne, kila moja limepita mkononi mwangu. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyeishi na moto kuliko mimi. Nikitazama rangi ya moshi najua kama tanuru limeiva. Na bado, kila mwezi wa sita, ulipotoka na jembe lako refu la reli na filimbi shingoni, uliniambia neno lilelile: "Mudogo, ingia mu nyumba. Moto ya pori haiko kazi ya mwanamuke."

Nikaingia. Hilo ndilo linaloniuma, si maneno yako. Kwamba niliingia. Miaka ishirini na sita nilikuwa nachungulia dirishani, mimi mwenye tanuru.

Kwa hiyo nilichobaki nacho ni nilichokichungulia. Nilijua hufuati kalenda. Unatoka asubuhi, unang'oa jani moja refu, unalikunja karibu na sikio kama mtu anayesikiliza simu yenye mtandao mbaya. Likikunjama bila sauti, unarudi kunywa chai: ni mapema, yatatoa moshi tu. Likivunjika mara moja, umechelewa, moto utakukimbiza wewe. Ulikuwa unataka lile linalokunjama kwanza, halafu linavunjika. Siku hiyo, saa kumi, upepo ukipungua, ulichoma ukanda kando ya lupango, ukiutembeza moto polepole kama mtu anayempeleka mbuzi kwa jirani. Ule moto mkubwa wa mwezi wa tisa ukija, unakuta chakula kimeshaliwa. Mambo hayo mliyatoa reli, wewe na marehemu Papa, baba yetu, kabla yako, mlipokuwa mkichoma kando ya njia ya treni.

Na upana ulikuwa hatua kumi na mbili. Hilo peke yake ulilisema kwa sauti, ukiwa umesimama pale nje na mimi niko ndani. "Kumi na mbili. Haizidi, haipunguke."

Sasa habari ya hospitali. Naiandika haraka.

Ilikuwa mchana, siku tatu kabla ya mwisho. Mafigo yalikuwa yameshakataa. Nilikuwa nakupepea kwa karatasi ya vipimo vyako. Ukafungua macho, ukaniuliza, "Mudogo, majani iko namna gani?" Nikakuambia, lala, Yaya. Ukauliza tena: "Inakunjama ao inavunjika?" Nikamtazama Odette, Odette akanitazama. Tulidhani ni homa inayosema. Nikakuwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Ukageukia ukuta.

Nimehesabu vitu vingi katika maisha yangu, na kile sikukihesabu. Ulikuwa unanipa kazi. Baada ya miaka ishirini na sita ulikuwa umefungua mlango ili nitoke nje, na mimi nikakujibu, lala.

Naendelea.

Kilio chako kilikuwa kikubwa, usiwe na wasiwasi. Wazee wa reli walikuja na kofia zao. Kwaya iliimba siku mbili. Hema la kukodi halikutosha watu, kwa hiyo vijana walijenga kibanda cha kilio kwa yale majani uliyoyakata mwenyewe kabla ya kuugua, yale ya kuezekea paillote, kibanda cha kupumzikia. Mafungu arobaini na mawili. Wakakiegemeza kwenye ukuta wa jikoni. Kilikuwa kizuri, lazima niseme. Watu walikaa kwenye kivuli ulichokikata wewe.

Baada ya mazishi, Baba Mukubwa alitukalisha. Unamjua kaka huyo wa Papa akishaweka fimbo yake katikati ya magoti. Mdogo wetu wa Kalemie hawezi kufika kabla ya mwisho wa mwezi wa tisa, alisema, na kilio hakimalizwi bila yeye. Mpaka siku hiyo, kama ilivyo katika familia yetu, kibanda hakiondolewi, nguo za marehemu haziguswi, na moto hauwashwi juu ya ardhi ya lupango, isipokuwa ule wa kupikia. Tanuru langu pia lilale. "Yaya yenu angali hapa. Hatuwezi kumuwashia moto mu macho."

Nilihesabu palepale kwa vidole, mbele yake. Wa sita, wa saba, wa nane, wa tisa. Nikamwambia, "Baba Mukubwa, majani hayajui kama tuko kwenye kilio." Akanitazama kwa huruma, ile huruma inayochoma kuliko tusi. "Vero, weye iko na mahesabu tu mu kichwa. Moyo iko wapi?" Watu wakacheka kidogo, kama wanavyocheka watu kwenye kilio, na shauri likaishia hapo.

Wiki ya pili ya mwezi wa sita nilitoka asubuhi nikang'oa jani. Nikalipeleka sikioni. Likakunjama, kisha likavunjika. Upepo ulikuwa umelala. Saa kumi ilifika, ikapita. Nilikuwa nimekaa mlangoni na kibiriti mfukoni mwa aproni, mwanamke wa miaka hamsini na mbili anayemwogopa mzee mwenye fimbo. Baada ya wiki mbili nikang'oa lingine. Likavunjika mara moja, pa. Siku zako zilikuwa zimepita.

Basi nilifanya ninachokijua. Kama siruhusiwi kuchoma, nitalima. Hakuna aliyekataza jembe.

Shida ya kwanza ilikuwa hatua zako. Kumi na mbili za nani? Wewe ulikuwa mrefu, mimi sikufiki begani. Nilijaribu kutembea kama wewe, nikaonekana kama mwizi anayetoroka. Halafu nikakukumbuka kanisani, unapokwenda kupokea komunyo: mguu, mguu, mguu, kila hatua sawa na nyingine, kama mtu anayekanyaga mataruma ya njia ya treni. Miaka thelathini na mmoja ya reli haikukutoka miguuni hata mbele ya altare. Nikachukua mita yangu ya ujenzi, nikaenda kwenye njia ya treni, nikapima taruma hadi taruma. Sentimita sabini. Mara kumi na mbili: mita nane na sentimita arobaini. Hatua yangu ni sentimita sitini, kwa hiyo zako kumi na mbili ni zangu kumi na nne. Nikakaa juu ya reli nikacheka peke yangu. Mlinzi alinijia akaniuliza kama nina mgonjwa nyumbani. Nikamwambia, alikuwepo.

Lakini mita nane zilikuwa za majani ya mwezi wa sita. Ya mwezi wa tisa yana hasira nyingine. Niliweka hatua zangu ishirini, mita kumi na mbili. Mita tisini mara kumi na mbili ni mita mraba elfu moja na themanini. Rosette na mimi tulilima arobaini kwa siku, mpaka udongo ukabaki uchi, bila jani. Siku ishirini na saba. Majani tuliyolima tuliyabeba mbali, ng'ambo ya njia, hatukuyarundika kando ya ukuta kama wanavyofanya jirani zetu, wanaojiwekea kuni za moto wao wenyewe. Odette, kwa kuwa ni mjane, hakuruhusiwa kushika jembe. Alikaa kwenye kiti akituhesabia mita kwa sauti. Alikosea mara tatu. Nilimsamehe mara mbili.

Baada ya hapo nilizunguka nyumba nikiitazama kwa macho ya moto. Kama ningekuwa cheche, ningeingia wapi? Magunia ya mkaa yalikuwa chini ya dirisha la Mama; tukayahamisha. Kuni pia. Chini ya mabati kulikuwa na matundu ambamo ndege walikuwa wameingiza nyasi miaka yote. Nikazitoa nyasi, ndoo tatu, nikaziba matundu kwa udongo wa matofali. Tulijaza pipa la lita mia mbili na bidoni kumi za lita ishirini, jumla lita mia nne, kwa sababu kisima chetu ni kirefu na ndoo moja inatoka baada ya dakika moja na nusu. Moto haungoji ndoo. Magunia matupu manane, ya kulowesha. Karatasi za lupango, kadi za ubatizo na dawa za presha za Mama zikaingia kwenye bati la maziwa, na bati likaning'inia kwenye msumari wa mlangoni.

Halafu Mama mwenyewe. Miaka themanini na tatu, na magoti yale. Kutoka kitandani kwake hadi barabarani, kwenye kile kiwanja kitupu wanapochezea mpira, ni mita mia mbili na sitini. Kwa miguu yake ni dakika kumi na tisa, nilimpima bila kumwambia. Kwa hiyo tulichukua brouette, toroli ileile tuliyosombea mchanga wa nyumba, tukaweka godoro ndani. Mara ya kwanza alikataa katakata. "Miye haiko simenti!" Mara ya pili alipanda, akatutukana njia nzima, jirani wakatoka kuangalia. Mara ya tatu alikuwa amevaa kitambaa chake cha Pasaka na anawapungia watu mkono. Dakika nne na nusu, kisha nne, kisha tatu. Akadai malipo: "Kama munataka nipande tena mu hii kintu, munipikie samaki ya Kasenga." Tulimpikia na bukari, ugali wetu wa huku, akala akisema ni kavu mno.

Alama ilikuwa filimbi yako. Baba Mukubwa alikataza nguo zako, hakutaja filimbi. Rosette aliivaa shingoni. Kupuliza mara tatu maana yake ni Mama kwenye brouette, bila kuuliza.

Kilibaki kibanda cha kilio.

Nilikipima, Yaya. Kilikuwa kimegusa ukuta wa jikoni. Jikoni iko mita tatu kutoka nyumba. Majani ya kibanda yalikuwa yameshakauka mpaka yanalia yenyewe mchana. Nilikwenda mjini kwa Baba Mukubwa, mabasi mawili, kumwomba ruhusa ya kukibomoa. Nilikuwa na hesabu zote kichwani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini: "Unataka kumufukuza yaya yako?"

Nikarudi nyumbani. Nilikiacha.

Sitaki kusingizia. Fimbo yake haikunishinda. Ningeweza kukibomoa siku hiyohiyo, kazi ya saa moja. Lakini kila asubuhi nilipopita pale nilisikia harufu ya majani uliyoyakata, na kwenye fungu moja kilikuwa kimebaki kipande cha kamba chenye fundo lako, lile fundo la reli ambalo hakuna mwingine analifunga. Mimi niliyetoa nyasi za ndege chini ya mabati, ndoo tatu, niliacha mafungu arobaini na mawili mita tatu kutoka dirisha la Mama. Kwa hiyo usidhani namlaumu mzee peke yake.

Moto ulikuja siku kumi kabla ya kumaliza kilio. Siku ya tano ya wiki, Ijumaa, saa nane mchana, na upepo wa kusini-mashariki, ule unaofunga milango yenyewe. Watu waliokuwa wakifukuza panya wa pori waliwasha majani upande wa kijito. Hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na njaa. Rosette alikuwa juu ya tanuru langu anageuza matofali mabichi; akaona moshi, si ule mweupe wa jikoni za watu, bali wa rangi ya kahawia, mzito, umelala kifudifudi. Akapuliza. Mara tatu.

Mambo yalikwenda kama tulivyoyafanya. Nasema hivyo ili ujue. Odette, mjane, ambaye hakutakiwa kuvuka lango mpaka kilio kimalizwe, alivuka lango mbio akisukuma brouette. Bati la maziwa lilikuwa mapajani mwa Mama. Dakika tatu. Rosette na mimi tukabaki na magunia yaliyolowa.

Wewe unaijua sauti ile, mimi sikuijua. Kutoka dirishani haisikiki hivyo. Ni treni ya mizigo inayopanda mlima. Moto ulikuwa juu kuliko paa letu, na mbele yake panya, sungura, nyoka wawili, wote wakipita miguuni mwetu bila kututazama. Ukafika kwenye udongo uchi. Ukasimama. Nakuapia, Yaya, ulisimama, ukatafuta kulia, ukatafuta kushoto, ukaanza kuwa mfupi. Nilijisikia nikisema kwa sauti, haizidi, haipunguke, kama mwenda wazimu. Rosette alikuwa anaruka.

Halafu kipande cha jani, si kikubwa kuliko kiganja, kilipita juu ya kichwa changu. Kilikuwa kinawaka polepole. Kilivuka mita kumi na mbili zangu, kikavuka uwanja, mita thelathini na moja, bila haraka, kama mtu anayetafuta nyumba yenye kilio. Kikaipata.

Dakika nne. Mafungu arobaini na mawili, dakika nne. Paa la jikoni likafuata, na ndani ya jikoni lilikuwemo sanduku lako: nguo zako zote zilizongoja kugawanywa, kofia ya reli, saa ya Papa. Jembe lako refu lilikuwa limesimama kwenye kona. Sikujaribu. Nataka ujue kwamba nililiona sanduku, mlango ulikuwa bado wazi, na sikujaribu. Maji yalikuwa lita mia nne na nyumba ilikuwa mita tatu. Mbao chini ya mabati upande wa Mama zilikuwa zimeanza kutoa moshi. Tulimwagia nyumba yote. Tulipomaliza, zilibaki lita kumi.

Odette aliniambia baadaye kwamba Mama, kule kiwanjani, aliutazama moshi ukipanda pale jikoni ilipokuwa, hakulia, hakuuliza. Alisema tu: "Anaclet iko napika."

Baba Mukubwa alifika kesho yake asubuhi na viatu vyake vya misa. Alisimama kwenye majivu. "Na kibanda?" akauliza, ingawa alikuwa amesimama juu yake. Nikamwambia, "Kimemaliza kilio kabla yetu." Nilitaka imchome. Nilikuwa nimeipanga sentensi hiyo usiku kucha. Hakuinua fimbo. Alikwenda polepole hadi kwenye ukanda wetu, akaupita wote, mita tisini, upande mmoja mweusi, upande mwingine mwekundu wa udongo. Akarudi. Akaomba maji. Nikampa kutoka zile lita kumi.

Siku ya kumaliza kilio watu walikaa juu ya matofali yangu. Mdogo wetu wa Kalemie alifika na mkono mtupu na macho mekundu. Hakukuwa na nguo ya kumpa, wala kofia, wala saa. Wanandugu walikuwa wanatazamana. Baba Mukubwa akasimama bila fimbo. "Huyu mutoto aliniambia," akasema, akininyooshea kidole, mimi mutoto wa miaka hamsini na mbili. "Miye nilikatala. Ni kinywa yangu njo ilichoma nguo ya Anaclet."



Kitu chako kimoja tu kilikuwa kimebaki, kwa sababu Rosette alikuwa nacho mdomoni. Mzee akaiomba ile filimbi, akaizungusha mkononi, akaniita mbele. Wote walidhani atampa mdogo wetu, mwanamume. Mimi pia nilidhani. Akaniwekea kiganjani. "Kamata. Moto iko yako sasa."

Sikusema asante. Nilimwambia, "Baba Mukubwa, nipe na neno." Akauliza neno gani. Nikasema: kuanzia leo, katika familia hii, moto wa mwezi wa sita hauzuiwi na kilio cha mtu. Awe nani. Alinitazama, nami sikuteremsha macho, na kwa mara ya kwanza sikuhesabu. Halafu akakubali, "Aya." Mdogo wetu wa Kalemie akasema aya. Odette akasema aya. Mama, kutoka kwenye brouette yake, maana sasa hataki kiti kingine, akasema tungekuwa tumelisema zamani tungekuwa na mahali pa kupikia.

Hizo ndizo habari. Jikoni mpya nitaijenga mwezi ujao, mbali mita tisa, paa la bati, matofali mia saba na hamsini. Tanuru limewaka tena.

Jana Rosette hakuwa dirishani. Alikuwa mkono wangu wa kulia, na tawi bichi, na filimbi. Nilimwonyesha jani, nikamwekea sikioni, nikamwambia asikilize. Upepo ulipopungua tukaanza kutoka upande wa kisima. Hatua kumi na nne zangu. Zake ni kumi na tatu, tumezipima. Baba Mukubwa alikuja, akakaa mbali kwenye kiti, akanyamaza vizuri. Mama alikuwa kwenye brouette karibu na lango, akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Mara moja moto ulinigeukia, ndipo ilipokwenda nyusi. Nilidhani kuna ujanja ambao sikuuona kutoka dirishani. Pengine ulikuwepo. Ungeniambia.

Hapo ndipo bado nimekukasirikia, Yaya, na sitaki kukudanganya kwa sababu umekufa. Kufa si kosa lako. Dirisha ni lako. Labda mwakani litapungua. Labda mwaka unaofuata.

Lakini hiki nakuahidi. Ukuta wa jikoni mpya, ndani, juu ya mlango, nitaandika kwa rangi nyeupe yote niliyoyachungulia na yote niliyojifunza kwa kuungua: jani na sikio, saa kumi, mita nane na sentimita arobaini, filimbi mara tatu, Mama kwanza. Kila mtoto wa nyumba hii, wa kike na wa kiume, atatoka nje kuutembeza moto akifika miaka kumi na mitano. Na mstari wa mwisho utakuwa wangu mwenyewe: hata nikifa mimi mwezi wa tano, wachome kwanza, ndipo walie.

Mimi nakwenda sasa, tanuru linaningoja. Siku ile nilikuambia lala kabla sijakujibu, ndiyo maana labda hukulala. Basi sikiliza. Jana asubuhi niling'oa jani moja pale unapopajua, nikaliweka sikioni. Lilikunjama, Yaya. Halafu likavunjika.

Lala.

Mudogo wako,
Vero